Asiyekuwepo na Lake Lipo: Umoja wa Huduma katika Karagwe na Kyerwa

Methali isemayo kwamba asiyekuwepo na lake halipo hutumika zaidi katika mambo ya mgawo: chakula kikipakuliwa, shamba likigawanywa au neno likikatwa barazani, mtu ambaye hakuhudhuria hana wa kumlaumu akikuta fungu lake limekwisha. Nyingine, iliyo ngumu zaidi, husema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hizi mbili ni za kweli katika mengi, na anayeongoza watu kwa muda mrefu hujifunza kuziheshimu. Lakini Kanisa la Kikristo, tangu kizazi chake cha kwanza, limejengwa juu ya dai linalokwenda kinyume nazo, yaani kwamba asiyekuwepo na lake lipo, jina lake hutajwa katika sala, fungu lake huwekwa kando, neno lake husubiriwa kabla ya shauri kukatwa, na kazi aifanyayo mbali huhesabiwa kuwa kazi ya wote. Mazungumzo haya yanalichunguza dai hilo mahali ambapo umbali si jambo la kufikirika, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kaskazini-magharibi mwa Mkoa wa Kagera, ambako nchi ya Tanzania inakutana na Rwanda na Uganda.

Neno huduma, kama linavyotumiwa makanisani, lina maana pana kuliko mahubiri ya Jumapili, kwa kuwa linajumlisha kutangaza Neno na kutoa sakramenti, kufundisha vijana wa kipaimara, kuwatembelea wagonjwa na wafiwa, pamoja na ile kazi ambayo Walutheri huiita diakonia, yaani utumishi wa matendo kwa wenye shida, kama vile hospitali, shule na malezi ya watu wenye ulemavu. Umoja katika huduma, basi, ni hali ambamo watu wasioonana hubeba kazi moja kana kwamba wanaishi ua mmoja. Kigiriki cha Agano Jipya kina neno koinonia, ambalo Biblia ya Kiswahili kwa kawaida hulitafsiri kuwa ushirika, na ambalo maana yake ya msingi ni kuwa na kitu kwa pamoja. Tafsiri hiyo ina bahati yake, kwa sababu katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, mzizi huohuo ndio uliozaa jina la usharika, yaani kanisa la mahali pamoja lenye mchungaji wake, na jina la msharika, yaani mtu aliyeandikwa humo. Kila anayejitambulisha kuwa msharika wa Nkwenda au wa Kayanga anatamka, pengine bila kufikiri, kwamba ana kitu ambacho si chake peke yake.

Karagwe haikupata kuwa mahali pa karibu. Ufalme wa kale wa nchi hiyo ulikuwa na makao yake Bweranyange, na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, ilikuwa na kituo Kafuro, si mbali na ikulu ya Omukama Rumanyika. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa mfalme huyo mwezi Novemba 1861, alikuwa ametumia zaidi ya mwaka mmoja njiani tangu aondoke pwani. Leo barabara ya lami inapanda kutoka Kyaka hadi Bugene, na safari kati ya Bukoba na Kayanga, makao makuu ya Karagwe, ni ya saa chache tu. Hata hivyo, umbali haukutoweka, bali ulihamia ndani zaidi, katika njia za vumbi na utelezi zinazopanda na kushuka milima hadi Kaisho, Mabira na Murongo, ambako Mto Kagera ndio mpaka na Uganda. Mwaka 2012 eneo la kaskazini lilitengwa likawa Wilaya ya Kyerwa, na sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa, wengi wao wakiishi katika vibanja, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba, kahawa na maharage, yaliyotawanyika juu ya vilima na mabondeni kiasi kwamba majirani wawili wanaoonana kwa macho huweza kutengwa na mwendo wa saa nzima.

Katika nchi ya namna hiyo, muundo wa kanisa wenyewe ni jibu kwa umbali. Mchungaji mmoja wa KKKT kwa kawaida hulea usharika wenye mitaa kadhaa, na mtaa hapa hauna maana ya barabara ya mjini. Ni kanisa dogo lililo chini ya usharika, lenye jengo lake, wazee wake na kwaya yake. Kwa upande wa Kanisa Katoliki parokia ina vigango, na paroko hawezi kuwa katika vigango vyote Jumapili moja. Mkate na divai vya Chakula cha Bwana vinamhitaji mchungaji, na Misa inamhitaji padre, hivyo katika mitaa na vigango vingi Jumapili zisizo na sakramenti ni nyingi kuliko zile zenye sakramenti. Anayeshikilia kanisa katika Jumapili hizo zote ni mwinjilisti kwa Walutheri na katekista kwa Wakatoliki, mtu ambaye mara nyingi ni mkulima mwenye kibanja chake, anayepokea posho ndogo, anayefundisha watoto, kuongoza ibada, kuwaandaa wanaotaka kubatizwa, kuzika pale mchungaji asipoweza kuwahi, na kupeleka taarifa ya sadaka kwa uaminifu wa senti hadi senti.

Inafaa kukaa kidogo juu ya mtu huyu, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu umoja wa Wakristo humruka na kwenda moja kwa moja kwa maaskofu. Mwinjilisti wa mtaa wa mbali huko Kyerwa ndiye mahali ambapo umbali unashindwa au unashinda. Akiaminiwa, akielimishwa na kusikilizwa, mtaa wake ni sehemu kamili ya dayosisi, hata kama askofu hufika mara moja kwa miaka kadhaa. Akipuuzwa, mtaa wake ni kisiwa, hata kama gari la dayosisi hupita kila mwezi. Hapa ndipo lilipo jambo zima linalotetewa katika mazungumzo haya: umbali katika huduma ni suala la kuaminiana kabla ya kuwa suala la usafiri. Barabara, pikipiki na simu husaidia sana, na hakuna anayetembea kwa miguu katika mvua za masika atakayezidharau. Lakini vyombo hivyo hubeba tu kile ambacho watu wamekwisha kupeana, na pale ambapo hawajapeana imani hubeba amri na malalamiko.

Nyaraka za Paulo, zikisomwa kwa macho ya mtu wa Karagwe, zinalionyesha jambo hili waziwazi. Waraka kwa Wakolosai ulipelekwa kwa watu ambao mtume hakuwa amewaona uso kwa uso, na ukaagizwa usomwe pia katika kanisa la jirani la Laodikia. Wakolosai walikuwa wamefundishwa na Epafra, mtu wa mji wao wenyewe, ambaye kwa lugha ya leo angeitwa mwinjilisti. Na sehemu ya kazi ya waraka ule ni kumthibitisha Epafra mbele ya watu wake, kusema kwamba aliyoyafundisha ni ya kweli na kwamba mtume aliye mbali anasimama pamoja naye. Kiongozi aliye mbali hakuutumia waraka kumpunguza aliye karibu. Barua ngapi za ofisi za kanisa, na jumbe ngapi za simu katika siku hizi, zina kazi hiyo ya kumwinua yule aliye na watu? Swali hilo linastahili kuulizwa Lukajange, yalipo makao ya Dayosisi ya Karagwe, na linastahili kuulizwa katika kila ofisi ya parokia.

Historia ya Ukristo wa Kagera inatoa ushahidi mzito, kwa sababu mara kadhaa waliotarajiwa kuongoza hawakuwepo. Wamisionari Wakatoliki, Mapadre Weupe, walianza Kashozi mwaka 1892. Kwa Waprotestanti mambo yalianza kwa namna nyingine: Wahaya waliokuwa wamesoma Injili Buganda walirudi nyumbani wakakusanyika bila mmisionari yeyote, na wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta watu wanaosali tayari. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani hao, na kwa miaka ile sharika zilishikiliwa na walimu na wainjilisti wenyeji. Katika miaka ya 1920 Wamethodisti wa Wesley kutoka Afrika Kusini walizilea kwa muda mfupi kabla ya Betheli kurudi. Vita ya Pili ikawaondoa Wajerumani tena, na safari hii walikuja Walutheri wa Sweden, mmojawapo Bengt Sundkler aliyefika mwaka 1942, akarudi kuwa askofu wa kwanza wa Kanisa la Buhaya mwaka 1961, kisha akampisha Josiah Kibira mwaka 1964. Watu wa madhehebu na mataifa mbalimbali walipokezana kanisa moja ndani ya miaka hamsini, na katika kila pengo kati ya aliyeondoka na aliyefika, kengele ilipigwa na mwenyeji. Ni halali kusema kwamba kanisa la upande huu wa Ziwa Victoria lilijifunza umoja wa mbali kwa kunyimwa wachungaji wake, na kwamba somo hilo halikutolewa na chuo chochote.

Lipo jambo jingine ambalo kwa mtazamo wa haraka linaonekana kama ukanusho wa umoja, nalo ni tabia ya makanisa ya huku kugawanyika kiutawala. Karagwe ilikuwa sehemu ya Dayosisi ya Kaskazini Magharibi yenye makao Bukoba, hadi mwaka 1979 ilipofanywa dayosisi kamili ya KKKT. Kwa Wakatoliki, Karagwe ilikuwa chini ya Jimbo la Rulenge, ambalo makao yake yalikuwa mbali upande wa Ngara, hadi mwaka 2008 lilipoundwa Jimbo la Kayanga chini ya Askofu Almachius Rweyongeza, na jimbo mama likaitwa Rulenge-Ngara. Serikali nayo, kama ilivyotajwa, iligawa wilaya mwaka 2012. Mtu wa nje angeweza kuhesabu migawanyo hiyo kuwa mipasuko, lakini mkulima wa migomba anajua kwamba chipukizi lisipong'olewa kwa wakati na kupandwa mahali pake, shina zima hudhoofika na mikungu hupungua. Kugawa kwa namna hii ni kukiri kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, kisha kumkabidhi fimbo yule aliye karibu na nyoka. Kinachopima umoja baada ya hapo ni kama dayosisi mama na dayosisi mwana huendelea kubebana, kupeana wachungaji, kusomesha pamoja, kuulizana kabla ya kuamua, au kama kila moja hujifungia katika mipaka yake mipya na kuhesabu sadaka zake.

Askofu aliyelitafakari jambo hili kwa kina kuliko wengine katika eneo hili ni Christopher Mwoleka, aliyeongoza Jimbo la Rulenge kuanzia mwaka 1969 hadi 1996, wakati Karagwe yote ikiwa chini yake. Mwoleka hakuridhika kuwa kiongozi anayepelekewa taarifa. Katika miaka ya Ujamaa alikwenda kuishi na wanakijiji wa Nyabihanga na kushiriki kazi zao, akiamini kwamba kushirikishana maisha ndiko kuishi imani yenyewe. Katika maandishi yake kuhusu Utatu Mtakatifu alidai kwamba Wakristo wamelichukua fundisho hilo kama hesabu ya kuumiza kichwa, ilhali Mungu amelifunua ili liwe namna ya kuishi, yaani watatu wasiozuiana chochote walicho nacho. Mawazo yake yaliambatana na uamuzi wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika miaka ya 1970, wa kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa kazi ya kichungaji: familia chache za jirani zinazokutana kila juma kusoma Maandiko, kusali na kuangalia nani ni mgonjwa, nani amefiwa na nani hana chakula. Ubora wa mpango huo kwa nchi yenye vilima kama Karagwe ni kwamba unapunguza umbali kutoka chini, ukilipeleka kanisa pale watu walipo, badala ya kungoja watu walifikie. Kasoro yake, ambayo haifai kufichwa, ni kwamba jumuiya ndogo ikikosa uhusiano hai na kigango na parokia huweza kugeuka kuwa chama cha majirani wanaopendana na wasiowajua wa ng'ambo ya bonde.

Upo pia umbali usiopimwa kwa kilomita. Kanisa la Kilutheri na kigango cha Kikatoliki huweza kuwa pande mbili za njia moja, kengele zao zikisikika pamoja, na bado waumini wao wakaishi kama watu wa nchi mbili. Hapa huduma ya matendo imefanya kazi ambayo mijadala ya imani ilichelewa kuifanya. Hospitali ya Nyakahanga huko Karagwe ni ya Walutheri na ya Isingiro huko Kyerwa ni ya Wakatoliki, na mama anayebebwa kwa pikipiki usiku kwa uchungu wa uzazi haulizwi alibatizwa wapi. Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, iliyoundwa mwaka 1992 na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, inaziunganisha hospitali na shule za pande zote mbili mbele ya serikali, na kwa njia hiyo madhehebu ambayo hayajaweza kukaa kwenye meza moja ya Bwana yameweza kukaa kwenye meza moja ya wagonjwa. Miaka saba baadaye, tarehe 31 Oktoba 1999, Walutheri na Wakatoliki wa dunia walitia saini huko Augsburg, Ujerumani, tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, lile suala lililowatenga tangu karne ya 16. Kwa Karagwe, hata hivyo, matendo yalitangulia tamko, na inapendeza kwamba yalitangulia.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na Uamsho wa Afrika Mashariki, mwamko wa kiroho uliochochewa kutoka Gahini, upande wa mashariki wa Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera kutoka Karagwe, mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930. Waliookoka, kama walivyoitwa, walisafiri kwa miguu kutoka nchi hadi nchi, wakilala katika nyumba za watu wasiowajua kwa jina wala kwa ukoo, wakiungama dhambi zao hadharani na kukiri kwamba damu ya Kristo imewafanya ndugu, Waanglikana kwa Walutheri, Waganda kwa Wanyarwanda kwa Wahaya. Josiah Kibira alikuwa mmoja wao, na si vigumu kuona kwamba undugu uliovuka mito na mipaka ya wakoloni ulimwandaa kwa kazi aliyopewa baadaye.

Kazi hiyo ilikuja mwezi Juni 1977, Shirikisho la Kilutheri Duniani lilipofanya Mkutano Mkuu wake wa sita jijini Dar es Salaam, wa kwanza katika bara la Afrika, na kumchagua Kibira kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, ambayo alikuwa nayo hadi mwaka 1984. Mkutano huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini umezua kile ambacho wanateolojia hukiita kwa Kilatini status confessionis, yaani hali ambayo jambo la kijamii limegusa kiini cha imani kiasi kwamba Mkristo hawezi tena kusema kuwa ni suala la maoni yake binafsi. Miaka saba baadaye, huko Budapest, makanisa mawili ya Kilutheri ya Wazungu wa Kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama kwa kutoachana na ubaguzi huo. Tukio hili linastahili kukumbukwa na kila anayedhani kwamba umoja wa mbali ni kusalimiana tu. Makanisa ambayo mengi hayakuwa na muumini hata mmoja aliyewahi kukanyaga Namibia yaliona kwamba kudhalilishwa kwa Mnamibia mezani pa Bwana ni kudhalilishwa kwao wenyewe, na yalikuwa tayari kuvunja amani ya nje ili kulinda umoja wa ndani.

Uhusiano wa Karagwe na Ulaya leo unapitia kwa sehemu kubwa katika Vereinte Evangelische Mission yenye makao Wuppertal, ambayo ni mrithi wa ile misheni ya Betheli. Mwaka 1996 chombo hicho kiliacha kuwa shirika la Kijerumani linalotuma watu, kikawa jumuiya ya makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yenye haki sawa, na Dayosisi ya Karagwe ni mwanachama wake. Mabadiliko hayo yalikuwa ya kweli na yanastahili heshima. Hata hivyo, usawa ulioandikwa katika katiba hukutana na mambo mawili yanayoudhoofisha. La kwanza ni fedha, kwa sababu urafiki ambao upande mmoja daima hutoa na upande mwingine daima huandika taarifa za matumizi huwachosha wote wawili, hata pale ambapo nia ni njema. La pili ni viza. Mgeni kutoka Ujerumani hupata kibali cha kuingia Tanzania bila taabu kubwa, ilhali mwanakwaya wa Karagwe aliyealikwa kwenda kuimba na wenzake hutakiwa kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi Dar es Salaam, akiwa na taarifa za benki na uthibitisho kwamba atarudi, na huweza kunyimwa. Makanisa yanayosema kwamba ni mwili mmoja yana wajibu wa kulisema hilo mbele ya balozi pia, na kulisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyofanyika hadi sasa.

Redio, ambayo ndiyo inayoyabeba mazungumzo haya, ina nafasi yake katika habari hii. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1977 Shirikisho la Kilutheri Duniani liliendesha kituo kikubwa cha masafa mafupi huko Addis Ababa, kilichojulikana kwa Kiswahili kuwa Sauti ya Injili, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Moshi, vikapelekwa Ethiopia, kisha vikarudi angani hadi kwenye redio za wakulima. Serikali ya kimapinduzi ya Ethiopia ilikichukua kituo hicho mwezi Machi 1977, lakini studio ya Moshi iliendelea na kazi. Leo Karagwe ina redio zake za kijamii, na mtu wa Kyerwa husikia habari za bei ya kahawa, mnyauko wa migomba na mahubiri kwa lafudhi anayoijua. Sauti ni zawadi kubwa kwa asiyeweza kusafiri, hasa mgonjwa na mzee. Ila redio husema na haisikii, na kundi la WhatsApp la usharika, ingawa husikia, huwaacha nje wale wasio na simu janja, ambao mara nyingi ndio walewale wazee na wagonjwa. Kwa sababu hiyo kila chombo cha mawasiliano kinahitaji mtu wa kukikamilisha kwa miguu yake.

Jambo hili lilidhihirika mwezi Aprili 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Serikali ya Tanzania iliacha nyumba za ibada wazi, lakini Askofu Benson Bagonza wa Dayosisi ya Karagwe alisitisha ibada za pamoja kwa siku 30, na Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara alichukua hatua kama hiyo mwezi huohuo. Uamuzi wa namna hiyo huumiza, kwa kuwa kanisa huonekana linapokusanyika. Lakini msingi wake ulikuwa uleule wa koinonia, kwamba wenye nguvu wajinyime kusanyiko kwa ajili ya uhai wa wazee. Wakati uleule, duniani kote, liliibuka swali zito la kama Chakula cha Bwana kinaweza kuadhimishwa kwa njia ya simu au televisheni, kila mtu akiwa na mkate wake nyumbani. Majibu ya makanisa yalitofautiana, na tofauti hizo hazijaisha. Kwa maoni yanayotolewa hapa, yapo mambo ambayo umbali hauwezi kuyabeba: mkate unaomegwa, mikono inayowekwa juu ya kichwa cha mhudumu mpya, maji ya ubatizo, kuosha maiti na kutupa udongo kaburini. Imani inayokiri kwamba Neno alifanyika mwili haiwezi kuridhika na picha tu, na ndiyo sababu Paulo, aliyeandika sana, hakuacha kutamani kufika, na pale aliposhindwa alimtuma mtu.

Desturi moja ya makanisa ya Karagwe na Kyerwa inaunganisha karatasi na mtu kwa namna inayofanana sana na ile ya mtume. Vijana wengi wa vilima hivi huondoka, wakaenda Bukoba na Mwanza kutafuta kazi, Dar es Salaam kusoma au ng'ambo ya mpaka kufanya biashara, na msharika anayehama huchukua kwa mchungaji wake barua ya utambulisho. Ni barua fupi: jina la mtu, mahali alipobatizwa, kama amepata kipaimara, kama ana ndoa ya kanisani, ombi kwamba apokelewe, sahihi na muhuri wa usharika. Fibi wa Kenkrea alitambulishwa vivyo hivyo kwa Warumi, katika sura ya mwisho ya waraka ule, kwa maneno machache ya kuwaomba wampokee na kumsaidia katika haja zake. Mchungaji wa Dar es Salaam anayeifungua barua hiyo hajawahi kufika Nkwenda, hamjui aliyeiandika, na hana njia ya haraka ya kuhakikisha yaliyomo. Anausoma muhuri, anamwangalia kijana aliyesimama mbele yake, analiandika jina lake kitabuni, na Jumapili inayofuata anampa mkate.